Mbegu za pilipili kali zinagoma kuota hapa Goma: ni baridi, ni mawe ya lava, ama ni mbegu zenyewe?

#1 Yaya_Katindo (Goma)
Jambo wapendwa wa bustani. Lengalenga yangu inaota bila kubembelezwa, nyanya zinajiotea hata pale ninapomwaga maji ya vyombo, lakini pilipili kali siielewi. Natoa mbegu kwenye pilipili za soko la Virunga, nazikausha, nazifukia kwenye mabeseni yaliyotobolewa chini, namwagilia asubuhi na jioni. Zinatoka chache, tena kwa kuchelewa, na katika hizo chache nyingine zinalala chini zikiwa bado na vijani viwili.

Jirani anasema ni haya mawe yetu. Mama mkwe anasema mbegu za soko zimekufa zamani. Bwana yangu anasema ni baridi ya usiku. Kila mmoja ana uhakika wake. Nyumbani kwetu sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, haziliwi bila pilipili, na nataka kuacha kununua kila siku. Nyinyi mlioanza na mbegu, si miche ya kununua, mnafanyaje?

#2 Mzee_wa_Ndosho (Goma)
Mwanangu, mawe usiyasingizie. Lava ya volkano yetu Nyiragongo ina potasiamu nyingi, na mmea wa kuzaa matunda unaipenda sana. Shida ya lava mpya ni kwamba bado ni jiwe, haijawa udongo. Mvua, majani na miaka ndivyo vinavyoisaga. Hapa Ndosho nina vichaka vya pilipili vilivyoshika mizizi kwenye nyufa, mahali jembe haliingii. Soma tena ulichoandika: asubuhi na jioni. Kwenye beseni! Mbegu hizo zinaoza kabla ya kuamka. Punguza maji.

#3 Mwana_Nguba (Bukavu)
Mimi nasimama na bwana yako. Mbegu ya pilipili inataka udongo wenye joto la nyuzi 25 hadi 30. Ikilipata, inaota kwa wiki moja au mbili. Udongo ukishuka chini ya 20, mbegu inasinzia, inaweza kukaa mwezi mzima. Goma na Bukavu zote ziko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Mchana jua linatudanganya, lakini usiku joto linashuka kuelekea nyuzi 15, na udongo wa beseni dogo unapoa haraka kuliko ardhi. Nyanya inavumilia hali hiyo, pilipili haivumilii.

#4 Kijana_Keshero (Goma)
Joto si tatizo hapa, tuko na kuta za mawe meusi bure. Mimi najaza udongo kwenye vikasha vya mayai, naviweka chini ya ukuta unaopigwa na jua la alasiri. Jiwe linakunywa jua mchana, usiku linalitoa polepole. Pilipili zangu zinatoka hivyo.

#5 Mama_wa_Birere (Goma)
@Kijana_Keshero, jiwe hilohilo saa nane mchana linakausha vikasha vyote, na mbegu iliyoanza kupasuka ikikauka mara moja tu imekwisha. Wewe uko nyumbani mchana kutwa, sisi wengine tuko sokoni. Mimi natumia mbabula, jiko la makala (mkaa). Nikimaliza kupika jioni, naweka sinia ya mbegu kwenye kibao karibu na jiko, nafunika kwa sashe (mfuko wa plastiki) inayopitisha mwanga, asubuhi naitoa nje.

#6 Agro_Minova
Mama wa Birere, joto la mbabula ni zuri, lakini lisiwe ndani ya chumba cha kulala. Moshi wa makala usioonekana unaua watu waliofunga madirisha. Weka sinia jikoni kwenye hewa, hata makala ikionekana imezimika, kwa kuwa majivu ya moto bado yanaweza kutoa moshi huo.

Sasa nimuulize Yaya Katindo: zile pilipili za Virunga zilikuwa zimeiva mtini, ama zilivunwa zikiwa kijani zikageuka rangi njiani? Pilipili iliyovunwa changa ina mbegu changa, hata kama ngozi imeshakuwa nyekundu. Na kama ulinunua zile kavu, kuna watu wanazikausha juu ya moto. Joto kali linaua kiini cha mbegu. Pilipili ya kuuza inakaushwa ili ikae na isioze, hakuna anayewaza mbegu.

#7 Yaya_Katindo
@Agro_Minova zilikuwa mbichi, nyekundu, laini kidogo. Zimetoka wapi sijui, muuzaji mwenyewe alisema “za Rutshuru” kisha akasema “za Kibumba”.

#8 Mama_wa_Birere
Hahaha, huyo muuzaji namjua bila kuonyeshwa! Kibumba ni baridi, huko wanatoa kabeji, karoti na viazi. Pilipili ya huko labda ilisafiri kwenda kuvaa sweta.

#9 Lushois_Kampemba (Lubumbashi)
Jambo watu wa Kivu. Nyinyi mnalia baridi? Njooni Lubumbashi mwezi wa sita na wa saba. Hapa usiku unaweza kushuka chini ya nyuzi 10. Pilipili iliyopandwa mwezi wa tano inakaa palepale, haikui, haifi, na ile kubwa inaangusha maua yote. Ndiyo sababu sisi tunasia mbegu mwezi wa nane mwishoni, joto linapoanza kupanda, ili miche iwe tayari mvua za mwezi wa kumi na moja zikiingia. Yaya, wewe ulisia mwezi gani?

#10 Yaya_Katindo
Papa Kampemba, nasia wakati wowote nikipata nafasi. Goma hatuna baridi na joto kama kwenu, tuko na mvua na kiangazi tu.

#11 Mwana_Nguba
Ni kweli, kwetu joto la mwaka mzima halibadiliki sana. Ndiyo maana nasema tatizo la usiku liko miezi yote, halina msimu wa kulisubiri. Mbegu inabidi isaidiwe tu.

#12 Mzee_wa_Ndosho
Mnasema joto, joto. Na ile miche iliyoota kisha ikalala chini? Hiyo nayo ni baridi? Shina linanyauka pale linapogusana na udongo, linakuwa jembamba, mche unaanguka ukiwa bado kijani. Huo ni ugonjwa wa kuvu wa kwenye udongo, na kuvu hao wanapenda maji yaliyosimama na hewa iliyofungwa. Sashe ya Mama wa Birere ikibaki imefunika baada ya miche kutoka, ndiyo inawalea. Mbegu ikishachungulia, funua.

#13 Agro_Minova
Mzee hapo amesema kweli. Niongeze: usitumie udongo uleule uliolalisha miche ya kwanza. Chemsha maji, mwagia udongo mpya, uache upoe na utoe maji kabla ya kusia. Changanya mchanga wa volkano, ule mweusi wa chembechembe, ili maji yapite. Samadi iwe imeoza kabisa. Ya mbuzi ikiwa mbichi inaunguza mizizi midogo. Kina cha mbegu ni nusu sentimita tu. Ukizika sentimita tatu, mche unachoka kabla ya kufika juu. Na maji uyanyunyize, usiyamwage kwa kikombe, yasije yakazizamisha.

#14 Mwana_wa_Idjwi
Habari. Mnapoteza muda na mbegu za kukausha. Miche mizuri kuliko yote inajiotea chini ya mti wa avoka, pale shore wanapotua wakishakula pilipili. Ndege anaila bila kulia machozi. Bibi yangu alikuwa hasii kamwe, alikuwa anahamisha tu miche ya chini ya mti.

#15 Kijana_Keshero
Kwa hiyo tusubiri ndege atoke chooni ndipo tupike? Mwana wa Idjwi una subira ya mvuvi.

#16 Agro_Minova
@Kijana_Keshero usimcheke, bibi yake alikuwa na macho. Ndege hawahisi ule mwasho kabisa, mwili wao haupokei kapsaisini, kile kinacholeta ukali, kama wetu. Wanyama wenye meno wanaihisi, wanaacha. Huko Bolivia, kwenye pilipili za porini, watafiti waliona mbegu zilizopita tumboni mwa ndege zikipona zaidi: zinatoka na kuvu wachache, na harufu inayovuta chungu inapungua. Lakini kuku msimtegemee, firigisi yake inasaga mbegu nyingi.

#17 Mama_wa_Birere
Basi ndege anafanya kazi ya kuosha. Na sisi tuoshe! Mimi nazisugua mbegu kwenye maji, zinazoelea namwaga, zilizozama nazilaza usiku mmoja kwenye maji ya uvuguvugu ndipo nasia.

Halafu nifundisheni: ukali si unakaa kwenye mbegu? Mbona nikizigusa vidole vinawaka hadi kesho?

#18 Mwana_Nguba
Hapana mama. Ukali unatengenezwa kwenye ule utando mweupe wa ndani, pale mbegu zinapojishikiza. Mbegu zinapakwa tu kwa kuwa jirani. Ukitoa utando vizuri, mbegu yenyewe haina kitu. Na kwa vidole, paka mafuta ya kupikia kwanza, kisha sabuni. Maji peke yake hayasaidii, kapsaisini inayeyuka kwenye mafuta.

#19 Nyota_Majengo (Goma)
Nimesoma yote, mbona hakuna anayesema juu ya mvua? Ndugu zetu wa Rusayo walikuwa wanaona majani ya maharagwe yakiungua madoadoa kwa sababu ya moshi wa Nyiragongo kuchanganyika na mvua. Kama Yaya anamwagilia maji ya bati, labda ni asidi. Tangu volkano ilipolipuka mwezi wa tano 2002, hewa ya huku haikuwa ileile.

#20 Mzee_wa_Ndosho
Nyota, turekebishe tarehe. Ile ya 2002 ilikuwa tarehe 17 mwezi wa kwanza, lava ikapita katikati ya mji hadi ziwani. Ya mwezi wa tano ni ya 2021, tarehe 22. Sisi tuliokimbia na magodoro kichwani hatuzichanganyi.

Juu ya asidi uko sahihi kwa miaka ile. Ziwa la lava lilikuwa linachemka kileleni tangu 2002, na upepo mara nyingi unapeleka moshi magharibi, upande wa Rusayo na Sake. Lakini lile ziwa lilishuka baada ya mlipuko wa 2021. Katindo iko kusini, mjini. Siwezi kuweka lawama zote hapo.

#21 Nyota_Majengo
Aksanti Mzee kwa tarehe. Lakini volkano jirani, Nyamulagira, nayo inatoa moshi, na upepo hausomi ramani. Mimi bado naona ajaribu maji ya bomba kwa beseni moja.

#22 Bulengo_Ziwani
Kama tunazungumza volkano, kuna kitu kikubwa kuliko asidi: mazuku. Kwetu kandokando ya ziwa, Himbi hadi huku, kuna mashimo ambamo gesi ya kaboni inatoka ardhini na kutuama, hasa usiku na asubuhi kabla ya upepo. Ni nzito kuliko hewa. Mtu aliweka miche yake kwenye shimo la parseli (kiwanja) yake akidhani ni mahali penye kivuli na unyevu. Ilikufa, na karibu yake kulikuwa na mijusi na ndege wamekufa. Yaya, mabeseni yako yako wapi? Kama ni bondeni ama ndani ya pishi, yatoe, na watoto wasicheze hapo.

#23 Yaya_Katindo
Yako barazani, juu ya meza. Hakuna shimo. Lakini aksanti, nitamwambia dada yangu wa Himbi, yeye anapanda kabisa chini kwenye bonde la parseli.

#24 Agro_Minova
Mwambie leo. Hiyo gesi inaua hata mizizi. Huko Mammoth Mountain, California, miti mikubwa ilikufa miaka ya 1990 kwa sababu hewa ya ukaa ilijaa kwenye udongo na mizizi ikakosa oksijeni. Kwa dada yako, mbegu si habari ya kwanza. Aangalie kama kuna wadudu waliokufa, na asiiname pale alfajiri.

#25 Lushois_Kampemba
Kila mji na sumu yake. Sisi Lubumbashi tuko na udongo wa upande wa Penga Penga, ulipokea moshi wa kuyeyusha shaba kwa miaka mingi. Kuna sehemu majani hayaoti, unaona wekundu wa udongo tu. Anayeishi huko apande pilipili kwenye magunia yenye udongo wa mbali na mboji nyingi, aoshe matunda vizuri. Mimi niko Kampemba na bado natumia magunia, kwa sababu naweza kuyasogeza ukutani baridi ikija.

Na mtusamehe, lakini pilipili yenu ya Kivu ni kali bila sababu. Mimi nataka ya kuweka kwenye michopo (nyama ya kuchoma) na bukari (ugali), nionje nyama pia.

#26 Kijana_Keshero
Papa Kampemba, nyama ikihitaji kuonjwa namna hiyo, muulize mchinjaji ilikuwa mbuzi gani.

#27 Furaha_Panzi (Bukavu)
Mimi yangu inaota, inazaa, lakini nina kesi nyingine. Nilipanda puavro tamu (pilipili hoho) karibu na pilipili kali. Mwaka huu puavro zinawasha! Jirani yangu anasema nyuki wamechanganya.

#28 Mwana_Nguba
Furaha, nyuki wanachanganya kweli, lakini matokeo yanaonekana kwenye kizazi kinachofuata. Nyama na utando wa tunda ni vya mmea mama, haijalishi chavua imetoka kwa nani. Swali ni: mbegu za hizo puavro ulizitoa wapi?

#29 Furaha_Panzi
Kwenye puavro za bustani yangu za mwaka jana. Na pilipili ilikuwa palepale.

#30 Mwana_Nguba
Basi uchanganyiko ulifanyika mwaka jana, sasa unaula. Ukitaka mbegu safi, funga ua kabla halijafunguka kwa kitambaa chepesi, litajichavusha lenyewe, kisha ulifunge uzi ili ulikumbuke. Na hili linamhusu Yaya pia: mbegu za soko, hata zikiota, huwezi kujua baba yao. Usishangae zikizaa umbo lingine.

#31 Mama_wa_Birere
Na zile mbegu za kopo? Mtoto wangu alinunua dukani, zikaota zote, zikazaa vizuri sana. Tukapanda mbegu zake, mara hii kila mti na sura yake.

#32 Agro_Minova
Soma kopo. Kama limeandikwa F1, ni chotara: linazaa vizuri mara moja, watoto wake wanatawanyika. Halina uovu, lakini si la kuwekea mbegu. Angalia pia tarehe. Mbegu ya pilipili iliyokaa pakavu na penye ubaridi inaishi miaka miwili, mitatu, wakati mwingine zaidi. Iliyokaa dirishani kwenye jua la duka inachoka mapema.

#33 Mzee_wa_Ndosho
Pilipili ni mmea wetu wa tangu mababu, hayo makopo yalikuja juzi. Ilindwe mbegu ya kienyeji.

#34 Mwana_Nguba
Mzee wangu, kwa heshima: pilipili asili yake ni Amerika. Haikuwepo Afrika kabla ya safari za Columbus za 1492 na kuendelea. Wareno ndio walioieneza kwenye pwani zetu. Lakini imekaa hapa karne kadhaa, imezoea udongo wetu, na kuilinda mbegu hiyo nakuunga mkono kabisa.

#35 Mzee_wa_Ndosho
Karne kadhaa zinatosha kupewa kiti barazani.

#36 Bulengo_Ziwani
Swali dogo kwa Mzee: bado unavuta tumbaku? Kuna virusi vya tumbaku vinavyopita mikononi kwenda kwenye pilipili na nyanya, kwa kuwa ni ukoo mmoja. Majani yanakuwa na mabakamabaka na kujikunja. Mvutaji anawe kwa sabuni kabla ya kugusa miche.

#37 Mzee_wa_Ndosho
Niliacha zamani, mke wangu ni shahidi. Lakini ushauri ni wa kweli, na uwafikie vijana.

#38 Yaya_Katindo
Aksanti sana wote. Sasa nimegawa: beseni la kwanza karibu na jiko, la pili barazani kama zamani lakini maji mara moja tu udongo ukikauka juu, la tatu maji ya bomba kwa ajili ya Nyota. Mbegu ni zilezile, zimeoshwa na kulazwa kwenye maji ya uvuguvugu. Mama mkwe ameleta za kwake kutoka Masisi, anasema zitashinda zote.

#39 Mwana_wa_Idjwi
Weka la nne chini ya mti.

#40 Kijana_Keshero
Na la tano ukutani!

#41 Yaya_Katindo (baadaye)
La karibu na jiko limetangulia, tena kwa mbali. La barazani lenye maji machache linafuata polepole, lakini hakuna mche ulioanguka. La maji ya bomba halina tofauti na hilo la pili. Za mama mkwe, zote nilizoweka kwenye kila beseni, zimeota kuliko za soko.

#42 Mwana_Nguba
Baridi, nilisema!

#43 Mzee_wa_Ndosho
Hakuna ulioanguka. Maji, nilisema.

#44 Agro_Minova
Na mbegu za mama mkwe zimeshinda kwenye kila beseni. Msiwe na haraka. Usihamishe miche kabla ya kuwa na majani ya kweli manne hadi sita, na kabla ya hapo uizoeshe jua kidogokidogo. Acha nafasi ya sentimita 40 hadi 50 kati ya mche na mche.

#45 Furaha_Panzi
Samahani kuingilia. Mti wangu wa zamani wa pilipili umezaa miaka kadhaa, sasa matunda yamekuwa madogo na matawi yamekauka katikati. Niung'oe?

#46 Mzee_wa_Ndosho
Usiung'oe kama shina la chini bado ni kijani ukilikwangua kwa ukucha. Kwetu hakuna barafu, pilipili inaishi miaka. Kata matawi makavu yote, yaliyo hai uyapunguze karibu nusu, mwanzoni mwa mvua, weka samadi iliyooza mbali kidogo na shina. Lakini kama unanyauka mchana wote na majani bado ni kijani, kata kipande cha shina ukitumbukize kwenye glasi ya maji safi. Ukiona uzi mweupe kama maziwa unashuka, hiyo ni bakteria ya mnyauko. Hapo ung'oe, uuchome, na usipande nyanya, biringanya wala viazi mahali hapo.

#47 Furaha_Panzi
Nimekwangua, ni kijani. Nakata kesho asubuhi. Matawi yenye matunda mabichi nifanyie nini?

#48 Mama_wa_Birere
Yachume hayo matunda, usage na chumvi na ndimu, uweke kwenye chupa safi. Usiku huohuo kaanga sambaza.